Mji Ulioandikwa Kutoka Jikoni

Mwaka 1965, mjini Elisabethville, Kongo, kilitoka kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa kwa gharama ndogo. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Msomaji wa Kifaransa angetegemea kukuta humo msamiati, orodha ya maneno na maana zake. Akifungua, anakuta historia ya mji, tangu ulipoanza mpaka mwaka ule, imeandikwa kwa Kiswahili cha pale pale. Aliyeikusanya ni André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani katika makomuni ya Elisabethville. Hao ndio watu waliopika, wakafua, wakapiga pasi, wakalea watoto na kuandaa meza katika nyumba za Wazungu kwa nusu karne.

Naandika haya nikiwa Bel-Air, mtaa wa komuni ya Kampemba. Mji ni ule ule. Jina ndilo limebadilika, sasa ni Lubumbashi. Ukipita katika mitaa yake ya zamani, usiishie kutazama nyumba upande wa mbele, penye baraza, geti na mjakaranda. Zunguka nyuma. Mwisho wa uwanja utakuta kijumba cha matofali, chumba kimoja au viwili, dirisha dogo lililo juu, mlango ulioipa kisogo nyumba kubwa. Sisi tunakiita boyeri. Leo hupangishwa kwa wanafunzi au kwa familia changa, ama huwekwa makaa na magunia ya unga wa bukari. Zamani alilala humo boyi, mtumishi wa nyumbani. Nimevifikiria sana vyumba hivyo tangu nianze kukisoma kijitabu cha Yav, kwa sababu naamini historia ile isingeweza kuandikwa na mtu aliyelala mahali pengine.

Shaba kabla ya mji

Katanga, jimbo la mji huu, ilikuwa na wafua shaba karne nyingi kabla ya bendera yoyote ya Ulaya. Waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikasafiri mbali sana, ikalipia bidhaa na mahari. Shaba hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara wa kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Mmoja wao alikuwa na mwana aliyeitwa Msiri, na huyo akabaki, akajenga dola ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya. Kutoka hapo misafara ilikwenda pande zote mbili za bara: magharibi hadi Benguela, mashariki hadi Bagamoyo na Zanzibar. Kwa hiyo Kiswahili hakikuletwa Katanga na Wabelgiji. Kilikuwa kimekwisha kuonja maji ya mto Lufira wakati Brussels haijajua Lufira iko wapi.

Mwishoni mwa mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, uliwasili Bunkeya. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa wameandikishwa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba Msiri alipigwa risasi na ofisa Mbelgiji, Omer Bodson, ambaye naye aliuawa papo hapo. Yaliyofuata yalikuwa mambo ya karatasi. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga kusimamia ardhi, na mwaka 1906 ikazaliwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, yenye mtaji wa Wabelgiji na wa Waingereza wa Tanganyika Concessions. Mji ulipokuja kujengwa, mwenye ardhi na mwenye madini walikuwa wameshajulikana. Aliyekosekana ni mfanyakazi.

Reli kutoka kusini, 1910

Shaba nyingi isiyo na njia ya kutoka ni mawe tu. Njia ya kwanza ilitoka kusini, kupitia Rhodesia, na Septemba 1910 garimoshi lilifika mahali palipochaguliwa karibu na mto Lubumbashi, jirani na mgodi wa Étoile. Mkuu wa Wabelgiji, Émile Wangermée, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji. Ulipewa jina la Malkia Elisabeth, mke wa Albert I aliyekuwa amepanda kiti cha ufalme miezi michache tu kabla. Mwaka 1911 tanuru lilitoa shaba ya kwanza.

Mji huo wa mwanzo uligeuza uso wake kusini. Mafundi na wasimamizi wengi walitoka Rhodesia na Afrika Kusini, bidhaa za dukani zilipanda kwa reli hiyo hiyo, na amri za kazini zilitolewa kwa lugha ya migodi ya kusini ambayo hapa iliitwa Kikabanga. Wafanyakazi nao waliandikishwa kwa wingi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Aliyesimama stesheni mwaka 1915 angeweza kudhani yuko katika koloni la Mwingereza lenye bendera ya Mbelgiji, na Wabelgiji wenyewe walikuwa wakiliwaza jambo hilo usiku.

Ramani ya mji ilichorwa kwa rula. Barabara zilikatana kwa pembe za mraba, na Wazungu wakakaa katikati. Waafrika waliwekwa pembeni, kisha kuanzia mwaka 1921 wakahamishiwa mtaa mpya ulioitwa Albert, ambao leo ni Kamalondo. Kati ya pande mbili uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita; madaktari waliutetea kwa hoja ya malaria na mbu. Giza likiingia, Mwafrika asiye na karatasi ya ruhusa hakutakiwa kuonekana katika mji wa Wazungu.

Lakini kahawa ya alfajiri haijipiki. Maji ya kuoga hayajichemshi, na mtoto wa bwana akilia usiku ni lazima aamke mtu. Utaratibu wote wa kutenganisha watu ulikuwa na tundu moja lililoachwa kwa makusudi, nalo ni boyeri. Maelfu ya wachimbaji waliishi kambini chini ya jicho la kampuni, na walichokijua kuhusu maisha ya Mzungu ni kile kilichoonekana kutoka nje ya ua. Mtumishi wa nyumbani alikuwa ndani. Alisikia bwana na bibi wakigombana kuhusu fedha. Alimwona afisa aliyeogopwa na mji mzima akitambaa kwa ulevi. Alijua nani ana deni, nani anaugua, nani anahamishwa, mara nyingi kabla ya gazeti kujua.

Lugha ya jikoni

Swali ambalo wageni kutoka Dar es Salaam au Mombasa huniuliza mara kwa mara ni hili: mji huu ulipataje kuzungumza Kiswahili, wakati hakuna kabila la hapa ambalo Kiswahili ni lugha yake ya asili? Jibu limo katika hofu ile ya Wabelgiji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikusudia kukata kamba iliyoufunga mji na kusini. Waandikishaji wa kazi walielekezwa upande mwingine: Lomami, Kasai, Maniema, na baadaye Ruanda-Urundi. Kikabanga kikaonekana ni harufu ya Mwingereza. Kiswahili, kilichokuwa kimeenea mashariki ya Kongo tangu siku za misafara, kikapewa nafasi yake kazini, shuleni na katika misheni.

Serikali ilifungua mlango. Waliokifanya Kiswahili kuwa cha mji ni watu wenyewe. Mluba wa Kasai aliyeajiriwa na mama wa Kibelgiji, jirani yake Mbemba, dereva Mtetela, muuza mboga Msanga: wote walihitaji kuelewana siku hiyo hiyo. Wakakichukua Kiswahili na kukiinamisha kifuate ndimi zao. Wazee wakawa bazee, «katika» ikawa mu, na Kifaransa kikaingia kila palipokosekana neno. Wasemaji wa pwani hutabasamu wanapokisikia. Mimi nimekulia ndani yake na sikioni mwangu ni lugha kamili, yenye heshima na matusi yake, yenye namna yake ya kuomboleza.

Wazungu nao walikuwa na vitabu vyao vya kujifunzia. Ulikuwako msururu mzima wa vijitabu vya msamiati kwa wakoloni wapya, vilivyojaa amri: lete, toa, fagia, ngoja, upesi. Mtu angeweza kukaa miaka 20 Katanga na asijue kwa Kiswahili jinsi ya kumuuliza mpishi wake kama mama yake bado yu hai. Vitabu vya namna hiyo viliitwa vocabulaire. Ninaposoma kichwa alichokichagua Yav, nadhani watumishi wale walijua wanafanya nini. Walilichukua neno lililokuwa juu ya vitabu vya kuwaamrisha, wakaliweka juu ya kitabu cha kuwasimulia.

Faili la kampuni, 1928 hadi 1941

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili hesabu zake. Wanaume wasio na wake, wanaoletwa kwa miezi michache, walikufa kwa wingi na waliokuwa hai waliondoka punde tu wakishajua kazi. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka 3, ikaruhusu na hata kuhimiza wake na watoto kambini, ikajenga zahanati na shule. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeiandikia siasa hiyo hoja zake. Mfanyakazi akapata nyumba, posho ya kila juma na faili.

Faili hilo ni kitu cha kutazamwa kwa makini. Humo mna jina lake, kijiji chake, chifu wake, tarehe ya kuandikishwa, uzito wake, maradhi yake, mke wake, watoto wake kwa tarehe za kuzaliwa, adhabu zake. Zipo familia nyingi za Lubumbashi ambazo mahali pekee palipoandikwa siku aliyozaliwa babu ni katika karatasi za mwajiri wake. Mtumishi wa nyumbani hakuwa na ukumbusho mkubwa kiasi hicho. Alikuwa na kijitabu cha kazi, ambamo bwana aliandika alipoanza, mshahara wake na siku alipoachishwa. Kijitabu kilikaa katika mfuko wa mtumishi, lakini kalamu ilikaa mkononi mwa bwana.

Mgogoro wa uchumi wa dunia ulipoangusha bei ya shaba, miaka ya 1930 hadi 1932, kampuni ilipunguza wafanyakazi wake kwa zaidi ya nusu. Maelfu walirudishwa makwao au walitawanyika mjini. Wazungu nao walipoteza kazi na kurejea Ulaya, na kila nyumba ya Mzungu iliyofungwa ilimtoa nje mpishi na dobi. Katika mitaa zikavuma habari za batumbula, watu wa usiku wanaokamata Waafrika kwa ajili ya Wazungu, na waliokamatwa hawaonekani tena. Serikali iliyaandika mambo hayo, ilipoyaandika, kama ushirikina. Waliokuwa wakiyasimulia walikuwa wakieleza hofu ya mji ambamo ndugu anachukuliwa kazini na harudi, na hakuna ofisi ya kuuliza.

Kisha ikaja Desemba 1941. Vita vilikuwa vimeongeza mahitaji ya shaba na kupandisha bei za vitu, huku mishahara ikibaki pale pale. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kugoma mwaka huo huo. Waafrika wa Union Minière walipogoma nao, waliitwa kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, na tarehe 9 Desemba askari wakafyatua risasi kwenye umati. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Hesabu rasmi ya waliokufa ni makumi. Hesabu iliyobebwa midomoni mwa watu ni mara nyingi zaidi ya hiyo. Hapo ndipo faili na kumbukumbu ya mtaa zilipoachana njia waziwazi. Mtu anayetaka kujua tukio hilo leo anapaswa kusoma zote mbili, na kukubali kwamba hazitapatana.

Masanduku ya mwaka 1960

Mwaka 1956 mji ulipata chuo kikuu. Mwishoni mwa mwaka 1957 wakazi wake Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, kuchagua viongozi wa makomuni. Miaka miwili na nusu baadaye Kongo ilikuwa huru, na siku 11 tu baada ya uhuru, tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga.

Wabelgiji walipojiandaa kuondoka, karatasi ziliondoka pia. Sehemu kubwa ya nyaraka za serikali ya koloni ilipakiwa na kusafirishwa hadi Brussels, katika zoezi lililopewa jina lisilo na mafumbo, Opération Archives. Nyaraka za makao makuu ya Union Minière zilikuwa huko huko tangu mwanzo, kwa kuwa maamuzi yalifanyika huko. Hivyo Mkongo mwenye umri wa miaka 20 mwaka ule, akitaka kusoma jinsi mtaa wa baba yake ulivyopimwa, ilimpasa kwanza kuomba viza.

Matendo mengine yalifanywa kwa namna ya kutoacha karatasi. Tarehe 17 Januari 1961 waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kutoka kwenye ndege hapa Elisabethville, wakafungiwa katika nyumba ya Mzungu, wakateswa, na usiku huo wakapigwa risasi porini. Miili yao iliharibiwa kusudi isipatikane. Ilichukua karibu miaka 40 mpaka kitabu cha Ludo De Witte, mwaka 1999, kuisukuma Ubelgiji kuunda tume ya bunge na kufungua makabati. Kilichorudishwa kwa familia ya Lumumba mwaka 2022 ni jino moja.

Vita vya kujitenga viliupitia mji mara tatu kati ya Septemba 1961 na Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa wakipambana na wa Tshombe. Makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai na wengine walikimbilia kambi moja pembezoni mwa mji. Mwaka 1964 Tshombe huyo huyo alirejea kutoka ughaibuni akawa waziri mkuu wa Kongo yote, na Oktoba 1965 akaondolewa. Mwezi uliofuata mkuu wa jeshi, Mobutu, akatwaa madaraka.

Mwaka 1965: wanaandika wao

Ni katikati ya vumbi hilo ambapo watumishi wa zamani walikaa na kuandika. Sina budi kujiuliza kwa nini wakati ule. Jibu langu ni kwamba waliona mji wanaoujua ukitoweka mbele ya macho yao, na kwamba wenye kuukumbuka tangu reli walikuwa wakizeeka. Boyi wa miaka 15 aliyeingia jikoni mwaka 1910 alikuwa na miaka 70. Na kweli, mwaka uliofuata, 1966, jina la Elisabethville lilifutwa, mji ukawa Lubumbashi. Kijitabu kile kiliwahi kwa miezi tu.

Kinasimulia mambo kwa mpangilio wake. Kinaanza kwa mwanzo wa mambo na ujio wa Wazungu, kinapita katika mishahara, posho, kazi za nyumbani, vita viwili vya dunia, na mabwana kwa majina yao. Majina hayo ni hazina. Katika karatasi za serikali Mzungu ana jina la ukoo na cheo. Katika kinywa cha mtumishi ana jina alilopewa na waliomtumikia, kwa mwendo wake, ukali wake au ubahili wake, na pengine hakulijua mpaka anakufa. Kampuni nayo ilikuwa na lake: Changa-changa, mkusanyaji, kwa kuwa iliwachanga watu kutoka kila upande na kuwatia kambi moja.

Tarehe zake hazilingani kila mara na za vitabu vya shule. Wafalme wa Ubelgiji wanatenda mambo ambayo hayamo katika historia ya Ubelgiji. Wapo wanaoyahesabu hayo kuwa makosa, wakakiweka kitabu chini. Nawasihi wakiokote tena. Unapotaka kujua mwaka bunge lilipopitisha sheria, muulize mwanasheria. Unapotaka kujua sheria hiyo ilikuwa na uzito gani ilipofika kwa mtu anayesugua sakafu, hakuna shahidi mwingine aliyeandika, kwa mkono wake, kwa lugha yake, bila padri wala mtafiti kumshikia kalamu. Na alikuwa akiwaandikia wenzake. Hiyo ndiyo sababu haelezi boyeri ni nini, wala posho ni nini. Wasomaji wake walikuwa wamelala humo na wameila.

Sauti iliyorudishwa

Miaka michache baadaye mtaalamu wa anthropolojia, Johannes Fabian, alikuja kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Alikuwa ameijua Katanga tangu miaka ya 1960, alipofanya utafiti wake juu ya Jamaa, harakati ya kidini ya wafanyakazi wa migodini, naye alikichukulia Kiswahili cha hapa kama lugha ya kufikiria, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati ule hawakulifanya. Nakala ya kijitabu cha Yav ilimfikia, na akakutana na tatizo.

Kijitabu hakisomeki kwa macho. Maneno yameungana mahali yanapopaswa kutengana, na yamekatwa mahali yanapopaswa kuungana. Nukta na koma zimewekwa bila kanuni au hazipo. Ukikifuata kimya kimya, kama unavyosoma gazeti, unapotea kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha. Waliokiandika walikuwa wamefunzwa kazi nyingi, lakini hakuna shule iliyowafunza kuandika Kiswahili chao wenyewe, kwa sababu shule za koloni zilifundisha Kiswahili kingine, kilichosafishwa.

Suluhu ilikuwa mtu wa hapa. Kalundi Mango, aliyekijua Kiswahili cha Lubumbashi tangu utotoni, alikisoma kijitabu chote kwa sauti, na sauti yake ikarekodiwa kwenye kanda. Alipokuwa akisoma, pumzi yake ndiyo iliyoonyesha sentensi inaishia wapi, na kupanda kwa sauti kulionyesha wapi msimulizi anashangaa, wapi analalamika, wapi anamnukuu bwana. Kutokana na kanda hiyo maandishi yaliandikwa upya. Mwaka 1990 kitabu kilichapishwa Amsterdam, kikiwa na maandishi ya asili, maandishi yaliyotokana na usomaji wa Kalundi Mango, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu karatasi za kwanza kurudufiwa.

Ndani ya miaka hiyo 25 mji ulikuwa pia ukijiandika kwa rangi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa hapa mwaka 1947, aliuza picha zake nyumba kwa nyumba, zimechorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia yote ya nchi, picha zaidi ya 100, akizieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Risasi za mwaka 1941 zimo humo. Lumumba yumo tena na tena. Picha za namna hiyo wachoraji na wanunuzi waliziita ukumbusho, na mahali pake palikuwa sebuleni, juu ya kochi, ambapo mgeni akiuliza «hii ni nini?» baba wa nyumba anapata nafasi ya kusimulia. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatima yake haikujulikana. Picha zake nyingi ziko Amsterdam.

Baba anawaacha watoto

Union Minière ilitaifishwa siku ya kwanza ya mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Kwa miaka 20 bado ilikuwa baba na mama. Kisha mambo yakaporomoka kwa kasi: katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na kufikia 1993 ilikuwa chini ya 50,000. Oktoba 1991 maduka na ofisi za Lubumbashi ziliporwa. Mwaka uliofuata ulianza mfarakano mchungu, watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa kutoka Katanga, wengi wakiwa wamezaliwa hapa na baba zao wamezaliwa hapa. Familia zilisubiri garimoshi majuma mengi stesheni za Likasi na Kolwezi. Mtu anayekimbia habebi sanduku la karatasi. Picha za harusi, vyeti na vijitabu vya kazi vilibaki au vilichomwa. Mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha kazi kwa mkupuo watu zaidi ya 10,000.

Mwanahistoria wa hapa, Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekaa miaka mingi na mafaili ya wafanyakazi na, kwa uvumilivu ule ule, na wafanyakazi wenyewe na wake zao. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita Bana Shaba, walioachwa na baba yao. Kuanzia mwaka 2000 yeye, Bogumil Jewsiewicki na Violaine Sizaire waliongoza mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi. Wakazi walialikwa kuleta kwenye makumbusho ya mji walichokihifadhi: pasi ya makaa, redio, baiskeli, sufuria, kitenge, picha ya studio, pamoja na maelezo yake. Onyesho mojawapo la vitu hivyo lilipewa jina ambalo kila mwenyeji alilielewa bila kutafsiriwa, Ukumbusho. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alikwenda upande wa pili: alichukua picha ambazo kampuni iliwapiga wafanyakazi wake zama za koloni, akawasimamisha watu hao mbele ya magofu ya viwanda walivyovijenga. Wanamtazama mtazamaji usoni, kama walivyomtazama mpiga picha wa kampuni siku ile.

Nyaraka za Union Minière sasa ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, zimepangwa vizuri, na mtafiti anaweza kuzisoma akifika. Kijitabu cha Yav kimewekwa kwenye intaneti tangu mwaka 2001, katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, na hakihitaji viza. Nilikifungua kwenye simu jioni moja hapa Bel-Air, nimekaa kwenye kizingiti cha boyeri kwa kuwa ndani umeme ulikuwa umekatika. Nilianza na maandishi ya asili, yale yaliyobanana, na macho yakachoka baada ya mistari michache. Nikajaribu kwa sauti. Mpangaji aliyekuwa akichambua lenga-lenga upande wa pili wa uwanja akasimamisha mikono, akauliza ni barua ya nani hiyo, maana aliyeiandika anazungumza kama babu yake. Nikamwambia ni ya wapishi na madobi wa zamani, wanaeleza mji ulivyoanza. Akavuta kigoda karibu, akaniambia nirudi mwanzo.